Siku saba za kumfuata Bibi aliyekuwa muuguzi

Siku ya kwanza: chumbani mwake

Hii ni ratiba kwa familia inayotaka kuandika wasifu wa Bibi aliyefariki, kutokana na vitu vyake, karatasi zake na wenzake wa kazi. Leo hakuna kupanda gari. Safari inaanzia mlangoni mwa chumba cha Bibi, na sharti la kwanza ni kutogusa kitu. Kamera itangulie: chumba kizima kutoka pembe zote nne, kabati likiwa wazi, kisha kila droo jinsi ilivyo. Mpangilio nao ni habari. Saa iliyolala droo moja na barua za wodini inasema jambo ambalo saa hiyohiyo, ikishatupwa kwenye boksi la "vitu vya Bibi", haiwezi kulisema tena. Ndugu mwenye hamu ya kufagia na kupanga apewe kazi nyingine leo, hata awe na nia njema namna gani.

Wajukuu wasianze kupekua kabla mtu mzima mmoja mwenye glavu nene hajapita kutafuta vitu vitatu: zebaki, vyenye ncha kali na dawa. Nyumba ya muuguzi mstaafu haikosi kimojawapo.

Themometa ya kioo ina kama gramu moja ya zebaki au pungufu. Mashine ya zamani ya kupimia shinikizo la damu, ile yenye bomba la kioo lililosimama ndani ya kisanduku chake, ina makumi ya gramu, na nyingine huzidi mia. Usiipampu kujaribu kama bado inafanya kazi, na usiilaze ubavu; huenda mpira wake ulishapasuka na zebaki itatokea hapo. Themometa ikivunjika, watoto watoke, madirisha yafunguliwe, na fagio lisiguswe: linagawa matone kuwa madogo zaidi na kuyapeleka kwenye nyufa za sakafu. Mashine ya kunyonya vumbi ni mbaya kupita fagio, kwa sababu inapuliza mvuke chumba kizima. Matone husogezwa pamoja kwa kadi ngumu, vipande vidogo hunyanyuliwa kwa utepe wa gundi, na vyote huingia kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Kamwe si kwenye sinki. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa mwaka wa kuacha kutengeneza vipimo hivi vya zebaki, kwa hiyo peleka mahali panapopokea taka hatarishi.

Sindano za zamani ziingie kwenye kopo gumu bila kujaribu kuzirudishia vifuniko. Dawa zilizopitwa na wakati zipelekwe duka la dawa, lakini piga picha ya lebo kwanza, maana lebo hubeba jina la kituo na tarehe. Ukikuta saa ya zamani sana yenye namba zinazong'aa gizani, usiifungue kwa nyuma. Rangi ya kung'aa ya enzi hizo ilikuwa na radiamu, na hatari yake ni vumbi la rangi likivutwa puani.

Siku ya pili: mezani

Picha na karatasi. Meza iwe kavu, mikono ioshwe na kukaushwa, vikombe vibaki jikoni.

Albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu zimeharibu picha nyingi kuliko mvua. Piga picha ukurasa mzima kabla ya kubandua chochote, maana maandishi ya pembeni ni ya mkono wake. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, ukiuvuta taratibu huku na huku kama msumeno. Picha ikigoma, iache, skani ukurasa ulivyo. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu haibanduliwi kabisa. Skani ukiwa umeiacha chini ya kioo chake.

Picha ndogo zinahitaji doti 600 kwa inchi, vyeti 300 vinatosha. Hifadhi faili la kwanza kwa TIFF, na nakala za kutumiana kwa simu ziwe JPEG. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino huchomoza upande wa pili baada ya miaka. Vyeti visipitishwe kwenye laminesheni: joto na gundi yake havitoki tena, na siku chuo kitakapotaka kuona muhuri halisi hutakuwa na la kufanya. Pini na klipu zenye kutu zitolewe, zikiacha alama ziacheni.

Jambo la leo lenye uzito ni madaftari. Wauguzi wengi walibaki na daftari dogo la mfukoni: hesabu za dozi, namba za vitanda, majina ya wagonjwa. Majina hayo si mali ya familia. Kiapo cha wauguzi kiitwacho cha Nightingale, kilichoandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, kilimtaka muuguzi atunze siri za watu waliomwamini, na siri hizo hazikufunguka kwa sababu Bibi amefariki. Ukurasa wenye jina la mgonjwa usipigwe picha ya kurushwa kwenye kundi la familia. Funika jina kwa kipande cha karatasi nyeupe, skani hesabu na maelezo ya kazi, na daftari lenyewe lifungwe kwenye bahasha isiyofunguliwa ovyo.

Hesabu zenyewe zina utamu wake. Mara nyingi utakuta mstari wa namna hii: lita moja, saa nane, matone 42. Maana yake dripu ya mililita 1,000 iingie kwa dakika 480, kwa mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita: 1,000 mara 20, gawanya kwa 480, unapata matone 42 kwa dakika. Bibi alisimama kando ya kitanda, macho yakienda kwenye kichupa cha matone na kwenye mshale wa sekunde, kidole gumba kikizungusha kigurudumu hadi idadi ikatulia. Akirudi baada ya nusu saa alihesabu upya, kwa sababu mgonjwa akikunja mkono tu mwendo hubadilika.

Siku ya tatu: vitu vinavyotaja miaka

Siku ndefu kuliko zote, na ndiyo familia nyingi huiruka. Wanakumbuka "alifanya kazi miaka mingi", basi. Vitu vinajua zaidi.

Anza na sare. Kofia ya kitambaa iliyopigwa wanga, mkanda na beji vilitaja cheo: mwanafunzi wa mwaka gani, muuguzi kamili, mkuu wa wodi. Sehemu nyingi zilianza kuachana na kofia kuanzia miaka ya 1970, kwa hiyo picha yenye kofia na picha isiyo na kofia tayari zimepangana. Sare ioshwe kwa maji ya uvuguvugu bila wanga, kwani wanga hualika wadudu na kugeuza kitambaa manjano. Ikiwa na dalili ya nondo, ifungwe kwenye mfuko usioingiza hewa na kukaa kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kisha iviringishwe kwenye shuka safi ya pamba, si mfuko wa plastiki. Beji yenye rangi ya vito isisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha. Igeuze: wengi hupata nyuma yake namba ya usajili, na namba hiyo itafungua milango kesho.

Saa ya kifuani huning'inia kichwa chini. Aliyeivaa huiona wima akiinamisha macho, huku mikono yake miwili ikiwa huru. Mkononi haikutakiwa, kwa kuwa mkanda wa saa hushika uchafu na kuzuia kuosha hadi kwenye viwiko.

Sirinji za kioo zenye namba zinazolingana kwenye bomba na kwenye fimbo yake zinasema alifanya kazi enzi za kuchemsha. Fimbo ya sirinji moja haikai vizuri kwenye bomba la nyingine, kwa hiyo aliyechanganya seti baada ya kuchemsha alipata sirinji inayovuja. Sirinji zinazojifunga zenyewe baada ya dozi moja zilisisitizwa kwa chanjo na tamko la pamoja la mashirika ya Umoja wa Mataifa WHO, UNICEF na UNFPA la 1999. Ukikuta sindano fupi ya chuma yenye ncha mbili kama uma mdogo, shika kwa heshima: ni ya ndui. Ncha zile zilidaka tone moja la chanjo, kisha ngozi ya mkono ikachomwa haraka mara kumi na tano hadi kitone cha damu kionekane. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mei 1980 ndui ikatangazwa kutokomezwa. Sindano hiyo ikiwa ya Bibi, basi unajua alikuwa kwenye kazi gani, na miaka ipi.

Na pembe. Ile pembe fupi ya mti au alumini ya kusikilizia mtoto tumboni ilibuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, na mpaka leo inafanya kazi pasipo umeme. Inavyotumika ni hivi. Mkunga kwanza anapapasa tumbo kutafuta mgongo wa mtoto, upande mrefu na mgumu, si ule wenye vifundo vya mikono na miguu. Mdomo mpana wa pembe unakaa hapo. Anaweka sikio kwenye upande bapa, uso umeelekea miguuni kwa mama, kisha anaondoa mkono kabisa. Hapo ndipo wanafunzi hukosea: vidole vikibaki vimeshika pembe, kinachosikika ni vidole. Mkono mmoja unashika mapigo ya mama kwenye kifundo cha mkono ili yasije yakahesabiwa ya mama badala ya mtoto. Dakika nzima. Kati ya 110 na 160 ni salama. Chini au juu ya hapo, hasa uchungu ukishaachia, mkunga hakai tena.

Ikague pembe ya mti kwenye mwanga wa dirishani. Upande wa sikio huwa na duara lililolainika na kung'aa. Usiipake vanishi. Ifunge kwenye kitambaa, itaingia mfukoni keshokutwa.

Siku ya nne: chuoni

Mkoba wa leo: nakala ya cheti, namba ya usajili, cheti cha kifo, kitambulisho cha anayeuliza na barua fupi ya familia. Barua itumwe wiki kadhaa mapema. Kufika ghafla mlangoni pa masijala ni kupoteza nauli.

Kinachokwamisha zaidi ni jina. Bibi aliingia chuoni kwa jina la baba yake, akasajiliwa kwa jina jingine baada ya kuolewa, na pengine karani aliandika jina lake kwa tahajia ya kwake mwenyewe. Andika majina yote kwenye ombi, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kuhitimu ukiacha nafasi ya miaka miwili kila upande. Ukiulizwa "jina kamili" na ukatoa moja tu, jibu litakuwa hayupo.

Omba rejista ya wanafunzi, orodha ya mahafali, picha ya darasa. Picha ya darasa bila orodha ya majina kwa mistari ni nusu ya kitu; uliza orodha hapohapo. Na uwe tayari kwa maneno makali. Shule aliyoanzisha Florence Nightingale katika hospitali ya St Thomas' jijini London mwaka 1860 iliwapima wanafunzi kila mwezi kwa utulivu, kutunza muda, uaminifu na unadhifu, na vyuo vingi duniani viliurithi mtindo huo. Ukikuta pameandikwa kwamba Bibi alikuwa mbishi au mchelewaji, nakili kama kulivyo. Mbishi wa miaka kumi na tisa ndiye baadaye alimbishia daktari kuhusu dozi.

Siku ya tano: wenzake

Wauguzi wenzake waliobaki sasa ni wazee, kwa hiyo wao ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kama afya zao zinatetereka. Mpangilio wa safari ubadilishwe bila kusita.

Mzee mmoja kwa wakati mmoja. Wakikaa watatu, mmoja mwenye sauti atasimulia na wawili watakubali kwa kichwa, na ukitoka hapo una simulizi moja yenye mashahidi wawili waliochoka. Asubuhi ni bora, dakika 60 hadi 90, kisha pumzika hata kama anataka kuendelea. Simu inayorekodi iwekwe hali ya ndegeni, la sivyo simu ikipigwa inaweza kukata rekodi katikati. Iwe kwenye kitambaa, umbali wa nusu mita kutoka mdomoni, feni izimwe. Rekodi dakika moja, sikiliza, ndipo uanze. Maneno ya kwanza kwenye rekodi yawe tarehe, mahali, na ridhaa yake kwa sauti yake.

Swali la "Bibi alikuwa mtu wa namna gani?" liachwe. Jibu lake ni mpole, mchapakazi, mcha Mungu, na maneno hayo yangemfaa marehemu yeyote. Uliza kazi:

"Mama, zamu ya usiku mlikuwa mnaipokea saa ngapi, na kitu cha kwanza mlichofanya ni nini?"

"Mlikabidhiana mkiwa mezani au mkipita kitanda kwa kitanda?"

"Funguo za kabati la dawa kali zilikaa kwa nani?"

"Umeme ukikatika wakati mama anasukuma, mlishika nini?"

Uliza kuhusu chati ya uchungu. Watafiti Philpott na Castle waliieneza mwaka 1972 kutoka mji ambao leo ni Harare, Zimbabwe: karatasi yenye mstari wa tahadhari, na umbali wa saa nne kulia kwake mstari wa kuchukua hatua. Mlango wa kizazi ukifunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa, alama za mkunga huvuka mstari wa kwanza, na hapo anajua ni wakati wa kuandaa rufaa, siyo kuomba tu. Mkunga mstaafu ukimpa karatasi na kalamu ataichora bila kufikiri, na akiichora ataanza kukumbuka usiku fulani.

Ndipo pembe itoke mfukoni. Mpe mkononi bila kusema neno. Mikono inakumbuka yenyewe: ataigeuza, atapuliza vumbi, ataipeleka sikioni, na simulizi usilolijua la kuuliza litaanza. Wewe nyamaza. Kosa kubwa la wajukuu ni kujaza kila kimya kwa swali. Hesabu hadi kumi moyoni. Akifika kwa mgonjwa aliyewaponyoka, usimvute wala usimzuie, na akitaja jina la mgonjwa, kata jina hilo kwenye nakala.

Siku ya sita: kituoni

Ruhusa itoke kwa mkuu wa kituo, na saa nzuri ni mchana baada ya mzunguko wa madaktari. Wagonjwa hawapigwi picha, hata kwa mbali, hata kwa mgongo.

Kuna mambo ya kupima. Kama jengo ni la wodi ndefu ya wazi, vitanda safu mbili na madirisha pande zote, huo ni muundo uliopiganiwa na Nightingale ili hewa ipite na muuguzi mmoja aone wote. Simama ilipokuwa meza ya zamu. Hesabu hatua hadi kitanda cha mwisho, hadi karai la kunawia, hadi kabati la dawa. Zidisha kwa idadi ya mizunguko waliyokutajia jana. Utapata kilomita, na hizo kilomita ndizo zilizo kwenye magoti ambayo Bibi aliyalalamikia uzeeni.

Kama alikuwa muuguzi wa kliniki ya kutembelea, uliza kuhusu boksi la chanjo. Mpango wa chanjo wa WHO ulianza 1974 na magonjwa sita: kifua kikuu, dondakoo, pepopunda, kifaduro, polio na surua. Boksi lilitakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8, na wasio wa kazi hudhani hatari ni joto tu. Chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika pia. Ndiyo maana pakiti ya barafu haikutoka frizani na kuingia boksini moja kwa moja. Iliachwa nje hadi ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Chupa iliyoshukiwa kuganda ilitikiswa pamoja na nyingine iliyogandishwa makusudi, zikawekwa mezani, na ikiwa mashapo ya ile inayoshukiwa yameshuka haraka sawa na ya mwenzake, ilitupwa. Chanjo ya surua ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya muda wa saa sita, hata kama akina mama wengine bado wako njiani. Huo ndio ugomvi ambao wenzake watakuwa wameshakusimulia.

Siku ya saba: kuandika

Mezani tena. Weka kila tarehe kwenye mstari mmoja mrefu wa karatasi, na kando ya kila tarehe andika imetoka wapi: cheti, beji, rekodi, kumbukumbu ya shangazi. Tarehe yenye chanzo kimoja iwekewe alama ya kuuliza na kubaki nayo. Shangazi na cheti wakipingana, cheti kinashika mwaka, shangazi anashika kisa.

Wasifu wa kusomwa mbele ya watu usizidi dakika nane. Soma kwa sauti na saa mkononi. Maneno mia saba hadi mia nane yanatosha kwa mwendo wa mtu mwenye huzuni, ambaye atasimama mara mbili tatu. Andika kwa vitenzi. "Alihesabu matone, akarekebisha, akarudi baada ya nusu saa" inambeba Bibi. "Alijitolea kwa moyo wote" haimbebi. Chagua zamu moja na uisimulie mwanzo hadi mwisho badala ya kugusa miaka yote. Kabla ya kuchapisha, mwenzake mmoja wa kazi asome: atakuta sindano iliyoitwa kwa jina lisilo lake, au chanjo iliyowekwa muongo usio wake, na familia nzima ingeipitisha bila kujua.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwa ndugu anayeishi mbali, ili moto au mafuriko ya nyumba moja yasizimalize zote. Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, siku, yafuatiwe na kitu na jina la aliyekisimulia. Kila 12 Mei, siku ya wauguzi duniani na siku aliyozaliwa Nightingale mwaka 1820, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina afungue diski, asikilize dakika moja ya kila rekodi na kunakili upya ile inayokwaruza. Pembe, beji na daftari viandikiwe mrithi kwenye karatasi iliyosainiwa, pamoja na sharti kuhusu majina ya wagonjwa.